Siku Niliyoficha Kina cha Maji

Ninaikumbuka siku niliyoambiwa kwamba mchanga wa ziwa unasikia. Niliambiwa sokoni, huku Mbunya, mtaa wetu hapa Bunia, na fundi wa viatu tuliyemwita Ambasadere, yaani balozi, kwa sababu ya koti lake. Alikuwa na misumari midomoni, kwa hiyo kila neno lilitoka polepole, kwa uangalifu, kama neno la kweli. Alisema hivi: mbele ya bandari, pale mto unapoingia ziwani, kuna mgongo wa mchanga umelala chini ya maji. Mchanga ule una masikio. Ukipita juu yake kwa mashua na kutaja kwamba maji ni kidogo, unasikia, unaamka, unapanda na kuikamata mashua kwa tumbo. Lakini ukimtukuza Mungu kwa sauti ya juu, unarudi kulala.

Mwanangu, usicheke bado. Niliiamini habari ile mia kwa mia, na nikaongeza kumi za ziada. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa tatu wa masomo ya jioni. Nilijua miji mikuu ya Afrika yote, nilijua kupiga hesabu ya duara, nilijua kuandika barua ya kuomba kazi yenye salamu zinazotosha kujaza ukurasa. Kuhusu maji sikujua kitu. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuvuka yalikuwa mto Shari, tena juu ya daraja, tena nikiwa nimeshika ukingo. Na Ambasadere mwenyewe, nilikuja kugundua baadaye, hakuwahi kwenda mbali kuliko Nyankunde, ambako ziwa hakuna.

Nilikuwa nauliza mambo ya ziwa kwa sababu ya Furaha. Huyu huyu Furaha unayemwona anapita na sufuria. Kwao ni ufukweni, upande wa kaskazini, kijiji ambacho wakati ule gari halikufika. Mambo ya nyumbani yalikuwa yamemalizika, wazee wamekubaliana, na sasa familia yake ilikuwa imlete Bunia kwa ndoa ya kanisani. Kwa wazee na mizigo njia ilikuwa moja: mashua mpaka bandari, halafu lori kupanda mlima. Nami nilishuka mlima kwa miguu kuwapokea kule kule kwao, ili nionekane mwanaume.

Sasa lazima nikueleze kuhusu bokilo, yaani mama mkwe, maana siku hizi mnawapigia simu mama wakwe zenu kama rafiki wa shule. Kwa watu wa kwao Furaha haikuwa hivyo. Mwanaume hamsemeshi mama wa mchumba. Hamwangalii usoni, hali chakula mbele yake, akimwona njiani anaingia majanini hata kama majani yana siafu. Na mama naye hamsemeshi mkwe mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Kumgusa? Mwanangu, kumgusa hakukutajwa hata katika makatazo, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna kichaa wa namna hiyo.

Mashua ilikuwa ya muzee Ukumu, kaka yake bokilo. Haikuwa mtumbwi. Ilikuwa mashua ya mbao yenye tanga moja kubwa na kijumba kidogo cha kulala ndani, na muzee Ukumu alizunguka nayo ziwa zima, wiki tatu, wiki nne, akiuza chumvi na kununua samaki, akipika na kulala humo humo. Alinionyesha tumbo la mashua siku niliyofika. Lilikuwa bapa kama sahani.

"Angalia, mukwe," akasema. "Hii inataka maji ya chini ya goti tu. Njo maana ninaingia fasi wengine hawaingie. Lakini tumbo bapa upepo unalisukuma pembeni. Kwa hiyo iko na hii."

Akanionyesha ubao mpana, mrefu kama mlango, uliosimama katika mwanya katikati ya mashua. Ukiwa umeshushwa, ulizama majini kama kisu, na mashua ilikwenda moja kwa moja. Ukivutwa kwa kamba, mashua ilirudi kuwa sahani. Ubao chini, ulihitaji maji ya kifua cha mtu. Ubao juu, maji ya goti yalitosha. Hiyo ndiyo siri yote ya ile mashua, na hata mtoto wa shule ya msingi angeielewa. Nami niliielewa. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Tukaondoka asubuhi. Ndani alikuwemo Furaha, shangazi zake wanne waliovaa vitenge vya sare, muzee Ukumu kwenye usukani, na bokilo. Bokilo ndiye aliyekaa katikati na kamba ya ubao, kwa sababu alizaliwa kwenye maji na mikono yake ilijua kazi ile kuliko ya kaka yake. Alinipa mgongo safari nzima. Mimi niliangalia milima upande wa pili mpaka shingo ikakauka. Upepo ulikuwa mzuri. Shangazi waliimba. Nilianza kufikiri kwamba ziwa ni kitu cha kawaida, na kwamba pengine ningeweza kuwa nahodha.

Kama saa nane mchana tukaiona bandari. Na mbele ya bandari niliona mstari mweupe, mawimbi yakivunjika pale ambapo hapakuwa na jiwe wala kisiwa, yakivunjika juu ya kitu kisichoonekana. Nikajua: huu ndio mgongo wa mchanga wa Ambasadere.

Muzee Ukumu akaniita. "Mukwe hakai bure kwenye mashua. Kamata huu upondo, enda mbele." Ulikuwa mti mrefu wenye alama tatu za rangi. "Juzi mvua ilipiga kule mulimani, muchanga umehama, sijui mulango uko wapi leo. Weye njo macho yangu. Unachovya, unachovya. Kama haugusi chini, unaniambia iko muzuri. Ukigusa kwa alama ya juu, sema kifua. Ya katikati, sema kiuno. Ya chini, sema goti. Usiongeze, usipunguze. Mimi nitamwambia dada, yeye anavuta ubao. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Sema tena."

Nikasema tena: kifua, kiuno, goti. Nilisema kwa sauti ya chini sana, maana tulikuwa tumekaribia, na sikutaka mchanga unisikie nikifanya mazoezi.

Nikaenda mbele. Nikachovya. Hakuna kitu. "Iko muzuri!" Nikachovya. Hakuna. "Iko muzuri!" Mawimbi yalikuwa yanatusukuma kutoka nyuma, mashua inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nikachovya tena, na mti ukagonga chini. Nikaangalia alama. Ya juu. Kifua.

Mwanangu, kinywa kilifunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo nilipomwona Ambasadere na misumari yake, mbele ya macho yangu kabisa, akitikisa kichwa. Ukitaja, unapanda. Nikaangalia nyuma, nikamwona Furaha ameshika mlingoti, ananitazama, anatabasamu, ana imani na mimi. Je, ni mimi nitakayeuamsha mchanga chini ya mchumba wangu? Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" wakajibu shangazi wote wanne.

Muzee Ukumu akasikia shangwe, akafikiri ndivyo watu wa mjini wanavyosema maji ni mengi. Akakaza tanga. Bokilo alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, ameizungusha kwenye mkono wa kulia, anangoja neno moja. Neno halikuja.

Nikachovya. Kiuno.

"Na kila wakati!" nikalia.

"Mungu ni mwema!" wakajibu, na mmoja akaanza kupiga makofi.

Kuna kipindi pale, kifupi kama kupepesa jicho, ambacho nimekirudia kichwani mara elfu mia. Nilijua. Mti mkononi uliniambia, macho yangu yaliniambia, akili ya masomo ya jioni iliniambia: ubao uko chini, maji ni ya kiuno. Mtu mmoja tu katika mashua ile alijua, na mtu huyo alikuwa anaimba.

Ubao ukagonga.

Sijawahi kusikia sauti ile tena, wala siitaki. Mashua nzima ilisimama kama imeshikwa na mkono, lakini sisi hatukusimama. Mimi niliruka mbele mpaka majini na upondo wangu. Wimbi la nyuma likainua mashua, likaigeuza ubavu, na lingine likaingia ndani. Nimewahi kuwaambia watu kwamba wimbi lile lilikuwa refu kama kanisa. Furaha ananisikia kutoka jikoni, kwa hiyo nalishusha: lilikuwa refu kama duka. Lakini lilikuwa duka linalokwenda.

Nilipotoa kichwa nje nikakuta miguu yangu imesimama. Nimesimama! Maji yananifika kiunoni! Shangazi nao walikuwa wamesimama, vitenge vimepanda mpaka kichwani, wanalia, "Tunakufa! Tunakufa!" na kila wimbi likija linawaangusha, wanasimama tena, wanalia tena. Nilitaka kucheka, wallahi. Halafu nikamsikia Furaha.

"Mama! Mama yangu!"

Mashua ilikuwa imelala upande mmoja. Bokilo alikuwa upande wa chini. Ubao ulikuwa umekwama katika mwanya wake, umejaa mchanga, na kamba iliyouvuta ilikuwa imekazwa kwenye mkono wa kulia wa mama yule, imembana kwenye mbao. Hakuweza kusimama. Maji yalimfika kidevuni. Wimbi likija lilimfunika kabisa, likiondoka aliibuka, anakohoa, halafu lingine. Muzee Ukumu alikuwa upande wa pili, anatafuta kisu ndani ya kijumba kilichojaa maji. Mtu aliyekuwa karibu na bokilo kuliko wote nilikuwa mimi. Hatua mbili.

Na mimi nikasimama.

Nakuambia hili ili ujue jinsi mwanadamu anavyoweza kuwa mjinga mara mbili katika dakika moja. Nilisimama nikiangalia pembeni. Pembeni, mwanangu! Mama anazama, nami ninampa heshima.

"Weye!" Furaha akanipigia kelele, na hajawahi tena kuniita kwa sauti ile, hata siku nilipochoma pazia. "Mushike mama!"

"Ni bokilo!" nikajibu.

"Ni mutu!"

Maneno mawili tu. Ni mutu. Yalinipiga kuliko wimbi. Nikaruka zile hatua mbili, nikamshika mama mkwe wangu kichwa kwa mikono miwili, hivi, kama unavyoshika mtungi, nikamwinua uso juu ya maji. Wimbi likaja, nikageuza mgongo wangu likanipiga mimi. Lingine likaja. Uso wake ulikuwa umbali wa kiganja kutoka usoni pangu. Mara yangu ya kwanza kumwona macho. Alikuwa na macho ya Furaha. Hakulia, hakupiga kelele. Alinitazama tu, kila alipoibuka, kama mtu anayeuliza swali.

Muzee Ukumu alipata kisu, akakata kamba. Nikambeba bokilo mgongoni mpaka ufukweni, naye mkono wake umevunjika kwenye kifundo, unaning'inia begani kwangu. Watu wa bandari walikuwa wamejaa, wanaume, wanawake, wachuuzi wa samaki, wote wameshangaa, na sijui walishangaa zaidi mashua au mkwe aliyembeba bokilo mchana kweupe. Mama mmoja aliziba macho ya jirani yake.

Muzee Ukumu akanijia, anatiririka maji, kisu bado mkononi. "Ulikuwa unagusa nini kule mbele?"

Nami, mwanangu, nikamwambia: "Sikugusa kitu, papa."

Ndiyo. Hapo tena. Mara ya tatu.

Muzee akafuta kisu kwenye suruali. Akasema, "Basi sina akili. Miaka makumi mbili ninapita hapa. Basi nimezeeka." Akaenda kukaa peke yake kando ya mashua yake iliyolala, akaweka mkono juu ya mbao kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Nilimwona mzee aliyejua ziwa lote akianza kujitilia mashaka kwa sababu yangu. Ukweli ni kwamba lile la kukaa kwake ndilo lililonimaliza, kuliko mawimbi.

Ndoa ikaahirishwa. Bokilo akafungwa mkono. Tukapanda mlima kwa lori bila nyimbo. Siku ya nne familia ikakutana hapa mjini, mtaa wa Shari, nyumbani kwa ndugu yao, kuamua kama huyu kijana wa mlima anafaa au ana mkosi. Mjomba mmoja alisema wazi: mashua imeshapita pale mara mia, siku ameingia huyu ndiyo imekwama, kwa hiyo mkosi ni yeye. Muzee Ukumu akasema hapana, kosa ni lake, macho yake yamechoka, mashua aiuze. Bokilo alikaa kwenye kona, amegeuza kiti, mgongo kwangu, mkono kifuani. Furaha alikuwa mlangoni. Alikuwa ananitazama, lakini bila lile tabasamu.

Nilisimama. Miguu ilitetemeka mpaka meza ikatetemeka, na chai katika vikombe vya wazee ikafanya mawimbi madogo. Nikasema: "Wazee, niligusa kifua, sikusema. Niligusa kiuno, sikusema. Papa Ukumu hana kosa. Nilikuwa ninaogopa muchanga utasikia." Na nikaeleza yote, ya Ambasadere, ya masikio, ya kumtukuza Mungu.

Halafu mjomba mwenye neno la mkosi akauliza, polepole, kama anayetaka kuhakikisha kwamba masikio yake hayajaugua: "Na weye umefanya masomo?"

"Mwaka wa tatu, papa."

"Wa nini?"

"Sayansi."

Mwanangu, nilifikiri watanipiga. Muzee Ukumu alifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Ilichukua muda kujua. Alikuwa anafanya yote mawili.

Ndoa ilifungwa baada ya miezi mitano, mkono ulipopona. Mashua ilirudi ziwani na ubao mpya. Muzee Ukumu hakuiuza. Alizunguka nayo mpaka uzee ukamshusha, na kila alipokutana na mgeni alimweleza habari yangu, kila mara akiongeza wimbi moja, hivyo ujue kwamba kutia chumvi nimejifunza kwake.

Lakini wewe nisikilize. Ninawaona ninyi vijana wa leo. Dereva anasikia breki inalia, anaongeza sauti ya muziki, anasema usitamke mabaya. Dada ana homa ya wiki mbili, nyumba nzima inasema tumeshapona kwa jina la Yesu, na hakuna anayemwambia twende tukapime. Rafiki yako anajenga ukuta umepinda, unampongeza, kwa sababu mbele ya watu hutaki kuonekana mtu wa balaa. Sala ni nzuri, mimi mwenyewe nasali. Lakini ukipewa upondo, kazi yako ni kusema mti umegusa wapi. Sema mapema, sema kwa jina lake, kifua ni kifua, kiuno ni kiuno. Na kama umechelewa kusema, sema hivyo hivyo, hata mbele ya wazee, hata miguu ikitetemeka, usimwache mtu mwingine abebe kosa lako na kujiona amezeeka. Na mtu akizama mbele yako, mushike, desturi mtazungumza ufukweni.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa. Akupe mkono unaofika kabla ya aibu. Akuweke na watu watakaokuuliza kina cha maji na kuamini jibu lako, nawe usiwaangushe. Uzeeke mpaka uwe na hadithi mbaya zaidi ya hii, na uisimulie ukicheka.

Nimebakiza neno moja, na si langu. Siku ile pale Shari, wazee walipokuwa wanajifuta machozi, kiti kilisugua sakafu kwenye kona. Sote tukageuka. Bokilo alikuwa amesimama, akakigeuza kile kiti, akakaa akinielekea mimi, uso kwa uso, mbele ya kaka zake wote. Mjomba alianza kusema, "Dada, desturi..." akanyamazishwa kwa mkono wenye bendeji. Alikuwa hajawahi kunisemesha. Hakukuwa na mtoto wa kwanza. Hakukuwa hata na ndoa.

"Mukwe," akasema, kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Muchanga hauna masikio. Maji ya mulimani njo inauleta, na unabaki pale, useme ao unyamaze. Mwenye masikio ni miye. Nilikuwa nimeshika kamba, ninakungoja weye."